Nani Ana Haki ya Kusema "Ni Kadari"?

Tarehe 8 Julai 2017, Ajax ya Amsterdam ilikuwa Hippach, kijiji cha milimani nchini Austria, ikicheza na Werder Bremen ya Ujerumani mechi ya kirafiki ya kujiandaa na msimu. Katika kipindi cha pili kiungo wake Abdelhak Nouri, kijana wa miaka 20, alianguka bila kuguswa na mtu. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yamevurugika. Alihudumiwa palepale kwenye nyasi, mechi ikavunjwa, helikopta ikampeleka hospitali ya Innsbruck. Siku tano baadaye klabu ilitangaza kwamba ubongo wake umeumia vibaya na kwamba madhara hayo ni ya kudumu. Tangu siku hiyo habari yake imekuwa ikisimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema ilikuwa kadari ya Mwenyezi Mungu, nao huona hapo mazungumzo yamekwisha. Wapo wanaouliza nani alikosea, na kwao kutaja kadari ni kuficha uzembe. Naona pande zote mbili zimelipa neno hilo kazi isiyokuwa yake. Mtu anayeamini kadari anasema kweli anapoitaja, lakini kuitaja hakujibu swali la nani anawajibika. Na zaidi ya hapo, neno hilo lina mwenyewe. Aliyepatwa na msiba anaweza kulisema. Aliyekuwa na wajibu wa kuuzuia hana haki nalo.

Inafaa kujua kwanza ni nani tunayemzungumzia. Nouri alizaliwa Amsterdam mwaka 1997, akakulia Geuzenveld, mtaa wa magharibi mwa jiji wenye familia nyingi zenye asili ya Morocco kama yake. Aliingia shule ya soka ya Ajax akiwa bado mtoto mdogo. Hakuwa na kimo wala misuli. Mpira wake ulikuwa wa macho na akili, wa kuona nafasi kabla beki hajajua kwamba ipo, na wa kucheza kwa furaha iliyowafanya hata wasio mashabiki wa Ajax wampende. Watu walimwita Appie. Tarehe 21 Septemba 2016 alichezea timu ya kwanza kwa mara ya kwanza, katika Kombe la KNVB dhidi ya Willem II, akafunga kwa mpira wa adhabu katika ushindi wa mabao 5 kwa 0. Hadi msimu huo unakwisha alikuwa amecheza mechi 15 tu za timu ya wakubwa. Rika lake lilikuwa la akina Frenkie de Jong, Matthijs de Ligt na Donny van de Beek, vijana ambao mwaka 2019 waliziondoa Real Madrid na Juventus katika Ligi ya Mabingwa, wakazuiwa na Tottenham sekunde chache kabla ya kufika fainali. Mwaka huohuo Ajax ilitwaa ubingwa wa Uholanzi kwa mara ya 34, na 34 ndiyo ilikuwa namba ya jezi ya Nouri. Wenzake walioondoka waliichukua namba hiyo ugenini: Justin Kluivert akiwa Roma, Amin Younes Napoli, Van de Beek Manchester United, Joel Veltman Brighton. Wengi waliona ishara katika ubingwa wa 34. Naheshimu mapenzi yaliyo ndani ya tafsiri hiyo, ila siwezi kujenga juu yake, kwa kuwa anayeusoma mkono wa Mungu katika kombe atalazimika kuusoma pia katika dakika zilizopotea Hippach.

Na dakika hizo ndizo kiini cha jambo hili. Moyo unapoacha kusukuma damu, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Wakufunzi wa huduma ya kwanza hufundisha kwamba kila dakika inayopita bila moyo kushtuliwa kwa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo yanayotakiwa kufanywa ni machache na yanajulikana: angalia kama mtu anaitika na kama anapumua sawasawa, kandamiza kifua, leta mashine ya kushtua moyo, usingoje. Mwezi Juni 2018, baada ya kupata maoni ya mtaalamu kutoka nje, Ajax ilikiri kwamba haikuwa hivyo kwa Nouri. Waliomhudumia walishughulika mno na njia ya hewa na kupumua kwake. Moyo ulichelewa kuangaliwa, na mashine ilipaswa kutumika mapema zaidi. Edwin van der Sar, kipa wa zamani wa Uholanzi ambaye wakati huo alikuwa mtendaji mkuu wa klabu, alitamka hadharani kwamba huduma haikutosha na kwamba klabu inabeba dhima. Aliongeza kwamba inawezekana, ingawa hakuna uhakika, Nouri angebaki katika hali nafuu kuliko aliyonayo. Kabla ya hapo, kwa karibu mwaka mzima, msimamo wa klabu ulikuwa kwamba watu wake walifanya ipasavyo. Februari 2022 klabu na familia ya Nouri zilifikia makubaliano: Ajax ilipe euro milioni 7.85, na jezi namba 34 isivaliwe tena na mchezaji wake yeyote.

Sasa mtu anaweza kusema: familia hii ni ya Waislamu washika dini. Mamia ya watu walipofurika nje ya nyumba yao Geuzenveld mwezi ule wa Julai, wakiwemo wachezaji waliokuwa wakilia, dua ndiyo iliyotawala. Vipi basi watu wanaoamini kwamba hakuna jani linaloanguka bila Mungu kujua wadai fidia kwa jambo lililoandikwa? Je, kudai si kuikana kadari kwa vitendo huku ikikiriwa kwa ulimi? Swali hili si la kejeli, na watu wema huliuliza. Hata huku kwetu, kauli kwamba kazi ya Mungu haina makosa hutolewa msibani kwa moyo safi kabisa, na mara nyingi baada yake hakuna anayethubutu kuuliza breki za basi zilikaguliwa lini. Anayeuliza huonekana kapungukiwa imani.

Hoja iliyo nyuma ya kauli hiyo ni kongwe kuliko Ukristo na Uislamu, na mfano wake wa kwanza, kwa bahati, unahusu tabibu. Wanafalsafa wa Kigiriki waliiita hoja ya uvivu, na Cicero wa Roma ameihifadhi katika kitabu chake juu ya majaaliwa. Inakwenda hivi: kama umekadiriwa kupona, utapona hata usipomwita tabibu, kama umekadiriwa kutopona, hutapona hata ukimwita, basi kumwita ni bure. Chrysippus, mwalimu wa Wastoa aliyeamini majaaliwa kwa ukali kuliko wengi wetu, aliikataa. Alisema mambo hayakadiriwi moja moja yakiwa yametengana. Kupona kwa mgonjwa kumekadiriwa pamoja na kuitwa kwa tabibu, kama vile kuzaliwa kwa mtoto kulivyokadiriwa pamoja na baba na mama kukutana. Ukikiondoa kiungo kimoja, hujui tena kama ulichokiita kadari kimebaki. Jibu hili lina nguvu kwa sababu halimwombi mtu apunguze imani yake katika majaaliwa hata kidogo. Linamtaka aipanue, aone kwamba kama mwisho umeandikwa, njia nazo zimeandikwa, na mkono wa daktari ni mojawapo ya njia hizo.

Uislamu ulifika kwenye jibu hilohilo kwa njia ya tukio. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa akielekea Sham, akafika Sargh, akapashwa habari kwamba tauni imeingia huko, ile iliyokuja kujulikana kama tauni ya Amwas, takriban mwaka 639. Baada ya kushauriana na watu akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda bin al-Jarrah, mmoja wa masahaba wakubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alisikitika kwamba swali hilo limetoka kwa mtu kama Abu Ubayda, akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akamtolea mfano wa mchungaji mwenye ngamia na bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kame: popote atakapowalisha atakuwa amewalisha kwa kadari, lakini hakuna atakayemsifu kwa kuchagua ukame. Tukio hili lipo katika Sahihi ya Bukhari na linasomeshwa kila mahali, ila mara nyingi husomeshwa kama ruhusa ya kujikinga na maradhi. Ndani yake mna zaidi ya ruhusa. Umar alikuwa kiongozi wa watu. Uchaguzi wake ungegusa roho za wengine. Kama angewaingiza watu kwenye tauni wakafa, wangekufa kwa kadari, na bado lawama ingekuwa yake. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Sheria ya Kiislamu nayo imelijenga jambo hili ndani ya kanuni zake, na hapo ndipo naona ushahidi ulio mzito kuliko wote. Hakuna Mwislamu anayeamini kwamba mtu hufa kabla ya muda wake. Pamoja na hivyo, Suratu An-Nisaa, aya ya 92, inamwajibisha aliyeua kwa kukosea kutoa dia, yaani fidia ya damu, kwa familia ya marehemu. Kama kadari ingefuta dhima, aya hiyo isingekuwa na maana: muuaji angejibu tu kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika, na angekuwa anasema kweli. Wanazuoni wa fiqhi hawakuishia kwenye kifo. Waliweka dia kamili kwa anayesababisha mtu apoteze akili, wakijua kwamba mtu anaweza kubaki hai na bado kitu kisichokadirika kikawa kimeondoka kwake. Kuhusu matabibu, ipo hadithi katika mkusanyiko wa Abu Daud kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhima. Na Ibn Rushd, ambaye alikuwa kadhi na pia tabibu wa watawala, na aliyefia Marrakesh mwaka 1198, ameeleza katika kitabu chake cha fiqhi linganishi kwamba tabibu anapokosea dia humwajibikia. Aliyaandika hayo akijua udhaifu wa kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo familia yenye asili ya Morocco inayodai haki kwa kosa la kitabibu haijaiga mwenendo wa Ulaya wa kushtakiana. Iko nyumbani kabisa katika mila yake.

Lakini bado hatujafikia kiini cha dai langu, yaani kwamba neno kadari lina mwenyewe. Hapa mwongozo wangu ni hadithi mashuhuri ya mabishano ya Adam na Musa. Musa anamlaumu Adam kwa kuwatoa wanadamu peponi. Adam anamjibu kwamba anamlaumu kwa jambo lililoandikwa kabla hajaumbwa. Na Mtume akasema Adam alimshinda Musa kwa hoja. Waliotaka kufuta wajibu wa binadamu waliishika hadithi hii kwa mikono miwili, na baadhi ya wapinzani wao walitamani isingekuwepo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alitoa maelezo ambayo kwangu ndiyo yanayokata shauri. Alisema Musa alikuwa akizungumzia msiba uliowapata watoto wa Adam, na dhambi yenyewe ilikuwa imeshatubiwa. Kadari inafaa kutajwa mbele ya misiba, haifai kutajwa kama utetezi wa makosa. Tofauti hii ni ndogo ukiitazama karatasini, lakini ukiipeleka Hippach inapanga kila kitu. Mama aliyekaa kando ya kitanda cha mwanawe akisema kwamba Mungu ameandika, anazungumzia msiba. Anajituliza, anampa Mola wake alichoshindwa kukibeba peke yake, na hakuna mwenye haki ya kumsahihisha. Klabu ikisema maneno yaleyale inazungumzia mwenendo wake yenyewe. Sentensi ni moja. Kinywani mwa mama ni ibada, na kinywani mwa klabu ingekuwa kukwepa deni. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama kauli ya kadari ni ya kweli. Inabidi kuuliza nani anaisema, na anaisema kuhusu nini.

Mtu asidhani kwamba haya ni matatizo ya Waislamu tu, na kwamba Uholanzi iliwapokea wahamiaji wenye kuamini kadari ikiwa yenyewe haijui habari hizo. Kuna nchi chache za Ulaya zilizobishana juu ya majaaliwa kuliko hiyo. Kati ya Novemba 1618 na Mei 1619 viongozi wa Kanisa la Reformed walikutana mjini Dordrecht kuamua kama Mungu huwateua watakaookoka bila kutazama chochote walicho nacho, na wafuasi wa Jacobus Arminius waliotaka nafasi zaidi kwa hiari ya mtu walishindwa na kuondolewa kwenye mimbari zao. Karne nyingi baadaye, baadhi ya warithi wakali wa mafundisho hayo walikataa chanjo kwa hoja kwamba kujikinga ni kuingilia maongozi ya Mungu. Mwaka 1992 na 1993 polio iliingia katika jumuiya hizo. Watu 71 waliugua na wawili wakafa, katika nchi tajiri yenye chanjo ya bure. Wengine wa imani hiyohiyo walichanjwa, wakisema chanjo nayo ni zawadi ya maongozi yaleyale. Ni jibu la Chrysippus na la Umar, limerudi kwa Kiholanzi na kwa Biblia mkononi.

Pingamizi zito la kwanza dhidi ya ninayosema linatoka katika maneno ya Van der Sar mwenyewe: inawezekana, si hakika. Kama hakuna anayejua kwamba mashine ingemwokoa Nouri, je, si ujeuri kumbebesha mtu lawama kwa matokeo ambayo pengine yangekuwa yaleyale? Wapo walionusurika kweli. Evander Sno, kiungo mwingine wa Ajax, moyo wake ulisimama mwezi Septemba 2010 katika mechi ya timu za akiba mjini Arnhem. Alishtuliwa kwa mashine uwanjani, akapona, akapandikizwa kifaa cha kulinda moyo, akarudi kucheza soka la kulipwa. Christian Eriksen, aliyewahi kuwa Ajax, alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 mbele ya dunia nzima, akashtuliwa haraka, na mwaka uliofuata alikuwa akicheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mifano hii inaonyesha kinachowezekana, na nakubali kwamba haithibitishi kilichokuwa lazima kitokee kwa Nouri, kwa sababu mioyo haifanani na sababu za kuvurugika hutofautiana. Lakini pingamizi hilo linachanganya mambo mawili. Wajibu wa aliyesimama kando ya mgonjwa haupimwi kwa matokeo anayoyajua Mungu peke yake. Unapimwa kwa yale yaliyojulikana wakati huo, na yaliyojulikana yalitosha: angalia moyo, leta mashine. Kama mambo yangefanywa hivyo na Nouri akabaki katika hali ileile, tungekuwa mbele ya msiba mtupu, na kadari ingekuwa neno la kila mtu aliyekuwepo, daktari akiwamo. Kutokuwa na hakika ya matokeo hakumpi mtu ruhusa ya kupunguza juhudi. Ndiko kunakomlazimisha kutoacha hata nafasi moja. Aliyenyimwa nafasi amenyimwa kitu halisi, hata kama hakuna ajuaye nafasi hiyo ingezaa nini.

Pingamizi la pili ni la upole zaidi, na nalichukulia kwa uzito kwa sababu linajali roho ya aliyeumia. Linasema kwamba kutafuta mkosaji huzuia kidonda kufunga. Kwamba subira na ridhaa ni kukubali, na anayehesabu dakika zilizopotea hatapata utulivu kamwe. Ni kweli kwamba hasira inaweza kumla mtu, na ni kweli kwamba wazee wa dini waliusia ridhaa kwa sababu nzuri. Lakini tazama ridhaa inaelekezwa wapi. Mtu anaridhia hukumu ya Mungu, na Mungu mwenyewe, kwa imani ya dini zote zilizotajwa hapa, hakuridhia uzembe. Kumtaka aliyeumia aridhie msiba na kosa kwa pumzi moja ni kumbebesha mzigo ambao hakuna kitabu kilichomwamuru aubebe. Tena mara nyingi wanaohimiza ridhaa ya namna hii ni wale wanaofaidika nayo, au wale ambao wangesumbuliwa na maswali. Naiona hatari hapo kubwa kuliko ile ya hasira. Subira inayotolewa na mtu kwa hiari yake ni jambo tukufu. Subira anayodaiwa na aliyemkosea ni dhuluma ya pili.

Pingamizi la tatu ndilo linalonigusa zaidi: vipi kuhusu yule aliyekuwa amepiga magoti kwenye nyasi? Alikuwa na dakika chache, mbele ya kijana anayemfahamu, uwanja mzima ukimtazama. Wako madaktari wa michezo waliokosea mpangilio uleule mazoezini, au mbele ya mchezaji aliyezimia kwa joto tu, na hakuna aliyeumia, na hakuna anayejua walikosea. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika katika miaka ya 1970 juu ya jambo hili, kwamba tunahukumiana kwa matokeo ambayo sehemu yake kubwa ni bahati. Wana haki. Haistahili mtu mmoja abebe uzito wote wa matokeo kwa sababu tu siku yake iliangukia pabaya. Fiqhi ililijua jambo hili zamani, na utatuzi wake unanistaajabisha kila ninapousoma: dia ya kuua kwa kukosea, kwa kanuni iliyozoeleka, hailipwi na mkosaji peke yake. Inabebwa na akila, yaani ukoo au kundi lake, ambalo lilimlea, linamtegemea na kumtegemeza. Kosa linatambuliwa, aliyeumia analipwa, na mtu mmoja dhaifu haangamizwi. Ajax ilipochukua dhima kama klabu ilisimama katika nafasi hiyo, iwe ilijua au haikujua. Na ilistahili, kwa sababu ubora wa dakika zile haukutengenezwa Hippach. Ulitengenezwa miezi na miaka kabla, katika mafunzo yaliyofanywa au yasiyofanywa, katika uamuzi wa nani anaambatana na timu kwenye mechi ya kirafiki milimani, na katika swali la kama zoezi la kushtua moyo limerudiwa hadi mikono ilifanye bila kufikiri. Hayo ni mambo ya taasisi, na taasisi haitetemeki kwa hofu kama mtu aliyepiga magoti.

Wengine watasema yote haya hayana faida, kwa kuwa hayatamrudisha Nouri uwanjani. Anayesema hivyo anazungumza kana kwamba Nouri hayupo. Machi 2020 familia ilieleza kwenye televisheni ya Uholanzi kwamba ametoka hospitali na anaishi nyumbani, kwamba anategemea msaada kwa kila kitu, na kwamba nyakati nyingine huwasiliana kwa tabasamu au kwa kuinua nyusi. Frenkie de Jong amesimulia kwamba alipokuwa hajaamua aende klabu gani alimtembelea rafiki yake. Mama yake Nouri akamuuliza mwanawe kama Frenkie aende Barcelona, na Abdelhak akainua nyusi. De Jong alikwenda Barcelona. Sidai kujua kilichopita ndani ya Nouri wakati ule, wala si lazima nidai. Inatosha kwamba walio karibu naye wanamtendea kama mtu wa kushauriwa. Anahitaji uangalizi usiku na mchana, na uangalizi una gharama itakayoendelea maisha yake yote. Wajibu wa Ajax, basi, unamhusu mtu aliye hai, mwenye kitanda, chakula na wauguzi, na anayeweza kuishi miaka mingi. Kauli ya kadari, hata ikisemwa kwa machozi ya kweli, hailipi mishahara ya wauguzi hao.

Kwa sababu hiyo, ninapoupima mwenendo wa Ajax siipi Februari 2022 uzito wa kwanza, ingawa ndiyo iliyokuwa na fedha na vichwa vya habari. Naipa Juni 2018. Wanasheria wa kila klabu hushauri kutokiri, na kukiri kabla fedha hazijajadiliwa kunaifungia taasisi milango mingi ya kutorokea. Kabla ya kukiri huko, familia ilikuwa imebeba mambo mawili kwa pamoja: hali ya mtoto wao, na kuambiwa kwamba kila kitu kilifanywa sawasawa. La kwanza waliweza kulipeleka kwa Mungu. La pili lilikuwa dai la wanadamu kuhusu kazi ya wanadamu, nalo lilikuwa si kweli, na wenye kuliondoa walikuwa hao hao waliolisema. Walichukua karibu mwaka kufanya hivyo. Fidia yoyote inaweza kuhesabu uuguzi na kipato kilichopotea. Mwaka huo sioni unahesabiwa vipi, na nadhani Ajax ingali inadaiwa.